Andiko Moja, Mikono Mingi: Mwongozo wa Kuandaa Tamasha la Sanaa la Kikristo Mtaani

Kanisani kwetu, hapa Dodoma, kuna kwaya nne. Kuna pia fundi seremala aliyetengeneza mimbari, ambaye hukaa benchi la nyuma kabisa, na mama mmoja anayesuka mikeka tunayotandika kila mkesha. Kwaya zina sare, zina viongozi, zina nafasi kwenye ratiba ya ibada. Hao wawili hakuna aliyewahi kuwaita wasanii. Tulipoamua kuandaa tamasha la sanaa, tulianzia kwao.

Mwongozo huu ni wa kamati ya kanisa, au ya makanisa kadhaa ya mtaa mmoja, inayotaka kufanya jambo kama hilo: siku moja ambapo waumini na majirani wanaonyesha kazi walizozitengeneza wakiwa wanalitafakari Neno. Si mashindano ya kwaya. Si mkutano wa injili. Si uzinduzi wa albamu. Hayo matatu tunayamudu vizuri, na kwa sababu tunayamudu, tamasha lenu litavutwa kila wiki kurudi huko. Kazi kubwa ya kamati ni kulizuia.

Mkiulizwa mambo haya yametoka wapi, fungueni Kutoka 31. Bezaleli alijazwa roho ya Mungu, na kazi aliyopewa haikuwa kuhubiri. Alipewa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Sura ya 35 inawataja na wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao. Someni sura hizo mbili kwenye kikao cha kwanza, kabla ya agenda ya fedha.

Hatua ya 1: Chagueni andiko, wala si mada

Mada kama "Upendo" au "Amani" ni pana mno. Kila mtu ataleta kile alichokuwa nacho tayari ndani, na tamasha litajaa njiwa na mioyo myekundu. Chagueni andiko fupi, mistari kama minane hivi, lenye kitu kinachoshikika: mlango, kisima, mkate, wavu, tawi, sarafu iliyopotea. Kisha lipimeni. Je, mkulima anaweza kujiona humo? Mtoto wa darasa la nne je? Na je, kuna neno ndani yake ambalo bado linawasumbua ninyi wenyewe? Kama hakuna, tafuteni lingine, maana andiko msilolishangaa ninyi halitamshangaza mgeni.

Sisi tulichukua Yohana 15:1–8, mzabibu na matawi. Dodoma ndipo nchi hii inapolima zabibu, na zao lenyewe lilianzia kwa wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana, kwa hiyo andiko hilo kwetu liko shambani kabla halijawa kwenye kitabu. Ninyi mna lenu. Walio kando ya Ziwa Victoria wanayo Luka 5, wavuvi waliokesha bila kupata kitu. Mnaoishi katikati ya wafugaji mtakimbilia Zaburi 23; ningewashauri Ezekieli 34, ambako wachungaji ndio wanaokaripiwa.

Jipeni miezi mitano. Hapa kwetu mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na wakati wa kilimo haifai kumwita mtu semina. Tulitangaza mwishoni mwa Aprili, tukaweka tamasha Septemba, wakati mavuno ya pili ya zabibu yanamalizika na watu wana nafasi, na hata wana senti kidogo mfukoni.

Hatua ya 2: Kamati, na mambo ya kukubaliana mapema

Watu saba wanatosha. Wawili kati yao wawe wanaofanya kazi ya mikono, mmoja awe kijana wa chini ya miaka ishirini na mitano, mmoja atoke dhehebu lingine. Mchungaji au Paroko awemo, lakini asiwe mwenyekiti. Si kwa kumkosea heshima: akikaa kwenye kiti hicho, kila msanii atamtengenezea yeye, kila shairi litageuka mahubiri, na hakuna atakayethubutu kuuliza swali. Nendeni kwake mapema, mmweleze hivyo kwa adabu, mpate baraka zake. Wetu alicheka, akakubali, akaomba apewe kazi ya kupanga viti.

Makanisa yakiwa zaidi ya moja, kuna mambo matatu ya kuyaweka mezani siku ya kwanza, maana yakiibuka wiki ya mwisho yatavunja kila kitu.

La kwanza ni sanamu na picha. Kwa Wakatoliki sanamu ya Bwana ni jambo la kawaida. Wapo ndugu zetu wengine wanaosoma Kutoka 20:4 na kuona picha yoyote ya Yesu ni kosa. Msijaribu kumaliza mjadala huo kwenye kamati. Haujaisha kwa karne nyingi. Kubalianeni tu kwamba kazi zote zitakaa ukumbini au chini ya miti, si ndani ya nyumba ya ibada, na kwamba asiyetaka kuchora uso wa Kristo anaruhusiwa kabisa kuchora mzabibu.

La pili ni siku. Mkiweka Jumamosi, mmewafungia mlango Wasabato. Mkiweka Jumapili asubuhi, mmegombana na ibada za kila mtu. Sisi tulichagua Jumapili kuanzia saa nane mchana, ikawa salama.

La tatu, kwa sisi watu wa zabibu, lilikuwa mvinyo. Kuna aliyetaka kuuza mvinyo wa hapa hapa kama sehemu ya utamaduni. Tuliamua juisi ya zabibu na ya ubuyu tu, kwa ajili ya walokole na kwa ajili ya watoto, na hakuna aliyelalamika. Yaandikeni yote kwenye karatasi moja, kila mjumbe aweke sahihi.

Hatua ya 3: Waendeeni wasanii walipo

Tangazo la ibadani linawafikia walio ibadani. Fundi cherehani yuko kibarazani kwake, mchora mabango yuko stendi, vijana wa bodaboda wenye sauti nzuri wako kijiweni. Nendeni huko kwa miguu. Tangazo letu lilikuwa hivi, na mnaweza kulichukua lilivyo:

"Tunakualika kutengeneza kitu kimoja kipya kutokana na Yohana 15:1–8. Kinaweza kuwa picha, shairi, wimbo, igizo, ngoma, mkeka, nguo, chungu, kiti, au chochote unachojua kukifanya. Si lazima uwe msanii. Si lazima uwe muumini wa kanisa letu. Hakuna zawadi wala mshindi. Sharti ni moja: uje jioni tatu tulisome andiko pamoja kabla hujaanza."

Sentensi ya "hakuna mshindi" itapingwa. Mtaambiwa watu hawatajitokeza bila kombe. Shikilieni hapo hapo. Mashindano ya kwaya yamewafundisha watu wetu uimbaji mzuri sana, sibezi, lakini yamewafundisha pia kumtazama jaji. Msanii anayemtazama jaji hawezi kutazama andiko.

Je, Mwislamu akija? Kwetu alikuja mmoja, mfua chuma, jirani wa kanisa. Alikaa jioni zote tatu akisikiliza kuliko wengi wetu. Mpokeeni kwa mikono miwili na msimgeuze kuwa lengo la uinjilisti. Amekuja kufanya kazi, aheshimiwe kwa kazi.

Hatua ya 4: Jioni tatu za kusoma

Mkiruka hatua hii, zilizobaki ni mapambo. Nitakaa hapa kidogo.

Jioni ya kwanza, someni andiko kwa sauti mara tatu, wasomaji watatu tofauti, kimya cha dakika mbili kila baada ya kusoma. Mmoja asome kwa lugha ya nyumbani kama Biblia yake ipo. Tulipolisikia kwa Kigogo, wazee waliinua vichwa. Baada ya hapo pasiwe na mahubiri. Ulizeni maswali mawili tu: Neno gani limebaki kichwani mwako? Ni kitu gani humu umewahi kukishika kwa mkono? Kila mtu ajibu, hata kwa neno moja, na katibu aandike.

Kwetu lilikwama neno "hulisafisha". Mstari wa 2, katika Biblia yetu ya zamani, unasema kila tawi lizaalo Baba hulisafisha, ili lizidi kuzaa. Karibu wote tulikuwa tunaona picha ya mtu akifuta vumbi kwenye majani. Mzee mmoja, mkulima wa zabibu aliyekuja kwa sababu tu mjukuu wake anachora, akauliza, "Linasafishwa kwa nini?" Mwinjilisti akajibu kwamba linasafishwa kwa Neno, na alikuwa sahihi, mstari wa 3 unasema hivyo. Mzee akatikisa kichwa. "Wanangu, hapo hakuna kitambaa. Hapo kuna mkasi. Anapogoa."

Jioni ya pili hatukukaa ukumbini. Alitupeleka shambani kwake. Alishika tawi bichi, la afya, lenye macho manne matano yaliyotuna, akalikata mbele yetu. Tukasubiri. Kwenye kidonda cha shina likatoka tone la maji, likakua, likaanguka, likafuata lingine. Akasema mzabibu ukipogolewa hulia. Kisha akakata tawi jingine, lililokauka, na hapo halikutoka kitu. "Hili bovu halilii. Linalia lililo zima."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mama mmoja aliyezika mtoto mwaka uliotangulia aliondoka kando ya kundi, akasimama peke yake kwenye mstari wa mizabibu, na tulimwacha. Mwezi mmoja baadaye alileta shuka jeupe alilolitarizi kwa uzi wa kijani: tone moja tu, katikati.

Niliwahi kuhubiriwa sura hiyo mara nyingi, na sikuwahi kujua kwamba anayekatwa ni yule anayezaa. Baadaye Mchungaji alitueleza kwamba katika Kigiriki cha Yohana neno la kupogoa la mstari wa 2 na neno "safi" la mstari wa 3 yanatoka shina moja, ndiyo maana wafasiri wakaandika "hulisafisha". Mzee na mwinjilisti wote walikuwa sahihi. Maelezo ya namna hiyo yana mahali pake, na mahali pake ni jioni ya tatu, watu wakiwa wameshaona. Mkiyaanza nayo, yanakuwa jibu la mtihani.

Basi mtafuteni mtu anayekijua kile kitu cha andiko kwa mikono: mvuvi, mwokaji, mchimba visima, mkunga. Yeye ndiye mwalimu wenu wa jioni ya pili.

Hatua ya 5: Miezi ya kutengeneza

Mkishasoma, waacheni. Mjumbe mmoja amtembelee kila msanii mara moja kwa mwezi, aulize kama ana vifaa, asiulize "inamaanisha nini".

Uchoraji. Wachoraji wetu wengi wamejifunza uso wa Yesu kutoka kalenda za ukutani, nywele za rangi ya asali na macho ya bluu. Msiwakataze, waonyesheni tu kwamba njia nyingine ipo, na imekuwepo siku nyingi. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora katika miaka ya 1950 kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, akauweka uhai wa Kristo kuanzia kuzaliwa hadi msalaba katikati ya vilima na watu wa nchi ile ile. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, kwa hiyo waliokuwa wakiziangalia picha zile walikuwa na makaburi mabichi. Mwambieni mchoraji wenu habari hiyo, halafu mwachieni rangi.

Ushairi. Hapa Dodoma hatuna udhuru. Mathias Mnyampala (1917–1969), mtoto wa mkoa huu, ndiye aliyeipa Tanzania ngonjera, na ndiye aliyeiweka Injili katika utenzi. Vijana wengi wanaandika mistari huru, nayo ni halali, ila wapeni nafasi ya kujaribu shairi lenye mizani kumi na sita na vina, kwa sababu kubanwa na vina humlazimisha mtu kutafuta neno ambalo hakulifikiria. Ubeti huu niliuandika kwa ajili ya kuwafundishia:

Kaja kwetu mkulima, mkasi u mkononi,
Akata na tawi jema, maji yatoka shinani,
Nalia, siwezi sema, Bwana, kosa langu nini?
Kaa kwangu, ni salama, zabibu zi safarini.

Hesabuni nao mizani kwa vidole: nane, kituo, nane. Kisha waulizeni nani anazungumza kwenye mstari wa nne. Mabishano yatakayozuka hapo ndiyo somo.

Nyimbo. Kwaya zitaleta wimbo uliopo na kuubadilisha maneno mawili. Wekeni sharti: wimbo mpya, usiozidi dakika tano, bila kinanda. Kinanda kikiondoka, watu hukumbuka zeze na ilimba, ile ala ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Na asiwepo wa kuwaambia kwamba sauti za kwetu ni ndogo. Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka kwa sauti ya Kihaya, na leo Walutheri wa Marekani wanao kwenye kitabu chao cha nyimbo.

Ngoma. Hapa nendeni taratibu. Akina mama wetu walitaka kupiga muheme, ile ngoma ya Kigogo ambayo wanawake huibana katikati ya miguu na kuipiga kwa nguvu inayotikisa ardhi. Wazee wawili wa kanisa walikataa: asili yake ni sherehe za unyago, na wao walipobatizwa waliambiwa waiache. Tungeweza kuwapuuza kwa kura. Badala yake tulikaa nao alasiri nzima, pamoja na bibi mmoja anayeijua ngoma hiyo tangu ujana wake. Bibi alieleza ni midundo ipi ni ya siri ya mwali na ipi ni ya furaha ya mavuno. Tukakubaliana: ile ya kwanza inabaki mahali pake, hata kwa heshima ya mila yenyewe, ya pili inakuja kwenye tamasha. Mzee mmoja hakuridhika hadi mwisho, akasema atakaa nyumbani siku hiyo. Tulimshukuru kwa kusema wazi. Si kila kitu kinapatikana kwa makubaliano, na mila ya watu haichukuliwi nusu bila kumuuliza mwenyewe.

Igizo. Dakika kumi. Asiwepo mtu wa kusimama mwishoni na kueleza funzo.

Kazi za mikono. Hapa ndipo nilipofurahi kuliko pote. Seremala alikusanya yale matawi yaliyopogolewa, ambayo wakulima huyachoma, akayaloweka yalainike, akayasuka yakawa kikalio cha kigoda chenye miguu ya mninga. Chini yake aliandika neno moja la mstari wa 4: Kaeni. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba Bwana alikuwa anatukaribisha kiti. Mama wa mikeka naye alisuka mkeka mmoja. Nusu akaiacha na ncha za miaa zikining'inia kama zinavyotoka mkononi, nusu nyingine akaisafisha kwa kisu hadi ikalala laini. Hakuandika chochote. Kila aliyepita alipapasa upande mmoja, kisha mwingine.

Watoto wapewe udongo wa mfinyanzi na mchana mzima, wasipewe picha za kupaka rangi.

Hatua ya 6: Vibali na fedha

Andikeni barua kwa mtendaji wa kata na kwa afisa utamaduni wa halmashauri miezi miwili kabla, na mpeleke nakala kituo cha polisi, mkitaja saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na idadi ya watu mnaowatarajia. Waulizeni hapo hapo kama tamasha lenu linahitaji kibali cha BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa. Mkipanga kupiga nyimbo za watu wengine kwenye spika, ulizieni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, utaratibu wake. Mkipiga nyimbo zenu mpya tu, hilo linawapungukia. Kwa watoto, chukueni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, hasa ya kupigwa picha.

Fedha zigawanywe hivi: kwanza vifaa na nauli za wasanii, pili usalama, maji na vyoo, tatu umeme na spika, na zikibaki ndipo fulana. Makamati mengi huanza na fulana. Msiitishe harambee siku yenyewe. Itawakimbiza wale wale majirani mliowaalika. Kazi zikiuzwa, msanii achukue sehemu kubwa (sisi tulimpa asilimia themanini), na makubaliano hayo yaandikwe kabla. Hati ya kuonyesha kazi isiwe hati ya kuichukua: kazi inabaki mali ya aliyeitengeneza.

Tulijifunza hili kwa uchungu. Mwaka mmoja kanisa moja liliazima picha ya kijana wetu ili iwekwe kwenye kipeperushi, na kipeperushi kilipotoka jina lake halikuwepo. Alinyamaza, lakini tamasha lililofuata hakuja. Sasa tuna fomu ya nusu ukurasa.

Hatua ya 7: Kupanga kazi

Ukumbi usafishwe, mabango ya mikutano iliyopita yote yaondolewe. Picha zitundikwe katikati yake ikiwa kimo cha macho, kama sentimita 150 kutoka sakafuni, za watoto ziwe chini zaidi kwa ajili ya watoto wenzao. Hamna vibao vya kutundikia? Kamba ya katani na vibanio vya nguo vinatosha. Acheni hatua moja ya ukuta mtupu kati ya kazi na kazi. Dirisha liwe ubavuni mwa picha, lisiwe nyuma yake. Hapa kwetu upepo wa kiangazi huleta vumbi jekundu, kwa hiyo tunamwagia maji uwanja asubuhi na kuziba madirisha ya upande wa upepo kwa khanga.

Karatasi ya maelezo iwe na jina la msanii, kazi yake ya kila siku, na mstari wa andiko uliomgusa. Basi. "Fundi baiskeli. Mstari wa 6." Msomaji atafanya yaliyobaki.

Vigoda na mikeka viwekwe mahali pa kukaliwa na kuguswa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Saa nane, milango ifunguliwe bila hotuba. Acheni saa nzima ya watu kutembea tu. Saa tisa, andiko lisomwe mara moja, kisha nyimbo na mashairi kwa kupishana, si kwaya zote mfululizo. Saa kumi na nusu, igizo. Saa kumi na moja, ngoma nje, chakula: ugali wa uwele na mlenda ulitosha, na ulikwisha. Kabla ya jua kuzama, watu wakae katika makundi ya kumi kumi, kila kundi mbele ya kazi moja, wajibu yale maswali mawili ya jioni ya kwanza, msanii akiwa anasikiliza bila kujitetea. Hii dakika ishirini msiikate hata ratiba ikichelewa. Kateni kitu kingine.

Mgeni rasmi, kama ni lazima awepo, apewe dakika tatu na apewe mtoto wa kumtembeza. Tulimpa wetu binti wa miaka kumi aliyefinyanga mkulima asiye na uso. Aliulizwa kwa nini hana uso. Akasema, "Ameinama, anaangalia tawi."

Wekeni wasimamizi wawili kwa wazee na wenye ulemavu, viti vyenye kivuli, njia isiyo na ngazi.

Hatua ya 9: Wiki mbili baadaye

Rudisheni kila kazi kwa mwenyewe, kwa mkono, nyumbani kwake, na daftari la sahihi. Pelekeni na fedha yake kama iliuzwa. Muulizeni watu walimwambia nini mbele ya kazi yake, mwandike. Daftari hilo lina thamani kuliko video.

Kisha kamati ikae mara moja, ijibu kwa uaminifu: nani hakuja ambaye tulimtaka? Sisi tulikuwa na majina mawili, lile la kijana wa kipeperushi na la mzee aliyekataa muheme. Kwa kijana tulikwenda watu watatu, tukaomba radhi. Kwa mzee nilikwenda peke yangu, nikakuta kigoda cha seremala kibarazani kwake. Alikuwa amekinunua kwa siri kupitia kwa mjukuu, na alikuwa amekikalia.